Kanda, Diski na Herufi E: Projekti za Video za Meru na Embu Zilivyopotea Njiani

Leo tuweke kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumze historia kidogo. Kuna swali ambalo watu wenye studio ndogo za video wa pande za Meru na Embu hawachoki kuniuliza. Nimenunua kompyuta mpya, nimenakili folda zangu zote za kazi, nafungua projekti ya zamani, na programu inaniambia haioni video hata moja. Video zenyewe zipo, nikizibofya zinacheza. Sasa kulikoni?

Jibu fupi ni la dakika moja na nitalitoa hapo chini. Jibu refu ni historia ya zaidi ya nusu karne, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini harusi, mazishi na mikutano mingi iliyorekodiwa upande huu wa Mlima Kenya, kuanzia Maua na Nkubu, kupitia Chuka, hadi Runyenjes na Siakago, leo imebaki kwenye DVD moja yenye mikwaruzo. Basi vuta kiti.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Faili la projekti halina picha ndani yake. Watu wengi hawaamini, lakini angalia ukubwa wake: harusi ya saa tatu, projekti yake ni kilobaiti mia kadhaa. Kilichomo ni maelekezo tu. Nenda kwenye diski E, folda ya Harusi, chukua faili fulani, anza dakika ya 12 na sekunde 10, kata baada ya sekunde nane, kisha nenda kwa faili lingine. Ni kama barua ya kumwelekeza mgeni: ukifika Makutano pinda kushoto, nyumba ya tatu yenye geti la bluu. Ukihamia Gakoromone na barua ukaiacha vilevile, mgeni atafika Makutano, atapiga hodi na kukuta ni kwa watu wengine. Barua haina kosa la herufi hata moja. Nyumba ndiyo iliyohama.

Wazo hili la kutenga maelekezo na picha halikuanzia kwenye Windows. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilipotoa mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyouzwa kwa vituo vya televisheni, kuhariri kulimaanisha kukata kanda kwa wembe na kuigundisha. Mwaka 1971 ikaja CMX 600, mashine iliyotokana na ushirikiano wa CBS na Memorex, iliyomwezesha mhariri kuchagua vipande kwa kompyuta bila kuigusa kanda. Familia hiyo ya mashine za CMX ndiyo iliyotuachia orodha ya maandishi matupu ambayo programu nyingi zinaisoma hadi leo. Mstari wake mmoja unafanana na huu, nimeutunga kwa mfano:

001 CHUKA03 V C 00:12:10:00 00:12:18:05 01:00:00:00 01:00:08:05

Soma nami. Kipande cha kwanza, kanda iitwayo CHUKA03, picha, mkato wa kawaida. Kianze dakika ya 12 na sekunde 10 ya kanda hiyo, kiishe baada ya sekunde nane na fremu tano, na kwenye filamu kamili kikae mwanzo kabisa. Hakuna neno "diski E" hapo. Hakuna folda. Kuna jina la kanda na saa yake, basi. Ukumbuke mstari huu, tutaurudia.

Meru na Embu haya yote hayakufika haraka. Miaka ya 1990 mpiga video wa harusi alikuwa na kamera ya VHS begani na deki mbili mezani. Deki moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha. Hapakuwa na projekti. Hapakuwa na kitu cha kuhamisha isipokuwa kaseti zenyewe, na kila nakala ilikuwa na ukungu zaidi ya iliyotangulia. Anayetaka kubadilisha wimbo baada ya wiki mbili aliambiwa tuanze upya. Lakini mfumo huo ulikuwa na heshima yake. Ukihamisha studio kutoka ghorofa moja hadi nyingine, ulibeba kaseti kwenye katoni, ukafika, zikacheza.

Kompyuta ndiyo iliyobadilisha mambo. Avid walionyesha mashine yao mwaka 1989, Adobe wakatoa Premiere ya kwanza mwaka 1991, ila bei za vifaa vyake hazikuwa za mtu wa Runyenjes. Mlango ulifunguka mwaka 1995 ulipokuja mfumo wa DV, kanda ndogo za kidijitali, pamoja na waya wa FireWire uliosanifiwa mwaka huohuo. Kufikia mwaka 2000 Microsoft waliweka Movie Maker ndani ya Windows Me, na mwaka uliofuata Windows XP ikatoka. Pinnacle Studio, Ulead na Premiere (nakala halali na zile nyingine tunazozijua) zikawa chakula cha kila siku. Ghafla kijana mwenye kamera ya MiniDV na kompyuta moja akawa na kituo cha uhariri.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo msiba ulipoanzia. DV inakula megabaiti 3.6 hivi kila sekunde. Saa moja ni gigabaiti 13. Harusi ya kawaida yenye kamera mbili, kuanzia nyumbani kwa bibi harusi, kanisani, kwenye picha hadi kwenye keki, ni saa sita au zaidi za video ghafi, yaani karibu gigabaiti 80. Diski ya kompyuta ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa gigabaiti 20 au 40. Unaona tatizo? Kazi ya Jumamosi hii haikuenea, na Jumamosi ijayo kuna nyingine. Kitu pekee kilichowezekana ni kukata, kutoa filamu kamili, kuichoma kwenye CD, kisha kufuta kila kitu.

Halafu kulikuwa na mtego wa FAT32. Windows 98 na Me zilitumia mfumo huo wa kupanga diski, nao hauruhusu faili moja kuvuka gigabaiti 4. Kwa DV hiyo ni kama dakika 19 na nukta. Mchungaji amefika katikati ya mahubiri, faili linakatika. Programu nzuri zilianza faili jipya zenyewe, programu mbaya zilisimama tu. Hata baada ya XP kuleta NTFS, diski nyingi za kubebeka ziliendelea kuuzwa zikiwa na FAT32, kwa hiyo mtu aliyekuwa akinakili kazi kwenda kompyuta mpya aliona mafaili madogo yanapita na makubwa yanakataliwa. Anaondoka na nusu ya harusi, na pengine hajui.

Na umeme? Mabwawa ya Tana, yaani Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yako palepale Mbeere au mpakani mwake. Lakini ukame wa mwaka 2000 ulipoleta mgao wa umeme nchi nzima, ujirani na bwawa haukumpa mtu wa Siakago hata saa moja ya ziada. Kompyuta inayozimika katikati ya kuhifadhi projekti huacha faili ambalo halifunguki tena popote, pa zamani wala papya.

Ungedhani suluhisho lilikuwa kutuma kazi kwa intaneti. Kwa modemu ya kasi ya kilobiti 56, saa moja ya DV ingechukua siku 21 na zaidi bila kupumzika. Wakati huo matatu inatoka Meru na kufika Nairobi siku hiyohiyo. Kaseti kwenye bahasha, mkononi mwa dereva, ilikuwa mtandao wenye kasi kuliko wote nchini! Hata mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa Julai 2009, ilichukua miaka kabla ya studio za miji ya milimani kufikiria kupandisha gigabaiti kumi kwa siku.

Lakini kuna jambo ambalo huwa linaniuma, kwa sababu dawa ilikuwepo tangu mwanzo. Kanda ya MiniDV ina saa ndani yake, kila fremu ina namba yake. Ni ule mstari wa CMX. Ukiwa na kanda zako asilia na faili dogo la projekti, unaweza kufuta gigabaiti zote 80, ukaweka projekti kwenye disketi ya megabaiti 1.44, ukabeba kanda kwenye kiatu, ukaenda kwenye kompyuta yoyote duniani yenye programu ileile na kuiambia: irudishe. Programu inakuomba uweke kanda CHUKA03, inaipeleka yenyewe hadi dakika ya 12, inachukua kipande, inaomba kanda inayofuata. Premiere iliweza. Final Cut Pro, iliyotoka mwaka 1999, iliweza vizuri zaidi. Huo ndio uhamisho safi kuliko wote uliowahi kuwepo katika fani hii, hata kuliko wa leo. Kwa nini basi haukutumika?

Sababu ya kwanza ni pesa. Kanda ilitumika tena. Harusi ya Nkubu ilirekodiwa juu ya mazishi ya Mitunguu, na juu yake mahafali ya shule. Bei ya kanda ilikuwa kitu kwa mtu anayelipwa kwa awamu. Sababu ya pili ni majina. Programu inapouliza jina la kanda, ni rahisi kubonyeza kitufe na kuendelea, kwa hiyo kanda kumi zote zinaandikwa 001. Ya tatu ni ya kiufundi, na wengi waliipata bila kuijua. Mpiga picha akirudisha kanda nyuma kumwonyesha bwana harusi alivyopendeza, kisha akaanza kurekodi mbele kidogo ya pale alipoishia, kunabaki pengo tupu na saa ya kanda inaanza tena sifuri. Kanda moja ikawa na dakika ya tano mbili au tatu. Projekti ikiomba dakika ya tano inaletewa keki badala ya kiapo.

Kwa hiyo alichobaki nacho mteja ni CD. VCD ya mfumo wetu wa PAL ina picha ya nukta 352 kwa 288, na video yake ni megabiti 1.15 kwa sekunde. DV ilikuwa megabiti 25. Gawanya mwenyewe: chini ya sehemu moja ya ishirini. DVD zilipochukua nafasi mambo yakawa nafuu, ingawa ile ya kuchoma nyumbani nayo ina siku zake, hasa ikikaa kwenye kabati la nyumba yenye unyevu kama zile za juu Nyambene ambako ukungu wa asubuhi unaingia hadi kitandani. Huko kanda nazo huota kuvu. Ukishuka Mbeere kuna ukavu na vumbi, adui wa vichwa vya deki.

Mtu ataniambia, kaka, hizi ni harusi tu. Sawa. Lakini hebu fikiria kilichokatwa. DVD ya mteja ni saa moja na nusu, tena nusu yake ina muziki juu ya picha. Kilichotupwa ni mzee aliyesimama kwenye sherehe ya mahari akaongea dakika arobaini bila karatasi, akitaja ukoo, nani alihama kutoka wapi, shamba gani linapakana na lipi. Aliongea Kitigania, au Kiigembe, au Kimwimbi, au Kimbeere, si kile Kiingereza na Kiswahili cha mshereheshaji. Mhariri alimpa sekunde nane, kisha ua likapeperuka skrini nzima. (Mioyo inayopepea ya miaka ile, jamani, sitaisamehe.) Wengi wa wazee waliokuwa na miaka themanini kwenye kanda za mwaka 2003 hawako nasi tena.

Linganisha na H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria wa Embu. Alizunguka akiwauliza wazee na kuyaweka majibu yao kwenye karatasi, na mwaka 1974 kikatoka kitabu chake Embu Historical Texts. Nusu karne baadaye ukikipata maktaba unakifungua, kinafunguka. Hakikuulizi diski E iko wapi. Miaka thelathini baada yake, tukiwa na vifaa ambavyo yeye hakuwa navyo, tulirekodi wazee wengi zaidi ya aliowafikia yeye, kwa sauti na picha, kisha tukafuta ili kupata nafasi ya Jumamosi.

Kamera za kadi zilipokuja hali haikuwa bora. Canon walitoa 5D Mark II yenye video mwaka 2008, na ndugu zake wadogo wa bei nafuu waliofuata ndio walioenea kwenye harusi. Picha ikapendeza ajabu. Lakini kadi hunakiliwa kisha husafishwa, na asilia inakoma hapo. Ubaya mwingine ni majina. Kamera hizo huita kila video MVI na namba za tarakimu nne, na mtu aliyeiseti kamera ianze namba upya kila kadi ana MVI_0012 ya Chuka, MVI_0012 ya Embu mjini na MVI_0012 ya mazishi. Akihamia kompyuta mpya, projekti inauliza MVI_0012 iko wapi, yeye anaielekeza kwenye folda ya kwanza anayoiona, programu inasema asante. Nimekuta projekti ambapo katikati ya bibi harusi kuingia kanisani panatokea jeneza. Programu haikukosea, iliuliza jina ikapewa jina.

Wakati huohuo programu zenyewe zilikuwa zinakufa moja moja. Juni 2011 Apple walitoa Final Cut Pro X, na haikuweza kufungua projekti za Final Cut iliyotangulia. Wahariri dunia nzima walipiga kelele. Waliobaki na toleo la zamani waliishi kwa muda tu, na Oktoba 2019 macOS Catalina ikaacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Microsoft walisitisha Movie Maker Januari 2017. Apple waliacha kuitunza QuickTime ya Windows mwaka 2016, na mwaka 2018 Premiere ikaacha kusoma kodeki kadhaa za zamani zilizoitegemea. Projekti za Premiere nazo zinaenda upande mmoja tu: toleo jipya linafungua la zamani, la zamani halifungui la jipya. Ukiongeza fonti ambazo kompyuta mpya haina, na vile viongezo vya mbwembwe vilivyosakinishwa na mtu ambaye sasa yuko Doha, unaelewa kwa nini hata aliyehifadhi kila faili anafungua projekti ya mwaka 2006 na kukuta skrini nyekundu.

Sasa lile jibu fupi nililoahidi. Kama projekti haioni video kwenye kompyuta mpya na unatumia Windows, jaribu kwanza kubadilisha herufi ya diski. Kama zamani ilikuwa E, ipe diski mpya herufi E kwenye sehemu ya kusimamia diski, weka folda kwa majina yaleyale na mpangilio uleule, kisha fungua. Mara nyingi inatosha, kwa sababu umerudisha nyumba Makutano. Kama haitoshi, kuna njia yetu sisi waandika programu. Faili la Premiere Pro la kisasa ni XML iliyofinywa kwa gzip. Tengeneza nakala kwanza, ifungue kwa programu yoyote ya kufungua mafaili yaliyofinywa, utaona anwani zote zimeandikwa kwa herufi za kawaida. Badilisha anwani ya zamani kwa mpya kote, hifadhi, fungua. Lile la Windows Live Movie Maker, lenye kiambishi wlmp, ni XML tupu, rahisi zaidi. Lile la Movie Maker ya kwanza ni faili la biti lisilosomeka kwa macho, hilo lina kazi.

Na kabla kompyuta ya zamani haijazimwa, toa kutoka kwenye kila projekti ile orodha ya CMX au XML. Ni maandishi, yatafunguka. Mwaka 2017 Pixar walitoa bure OpenTimelineIO, muundo wa wazi wa kubeba maelekezo ya uhariri kati ya programu tofauti, na ukiutazama vizuri ni mjukuu wa mstari wetu wa CHUKA03.

Kuhusu kanda za MiniDV ambazo hazikurekodiwa upya, haraka inahitajika kwenye mashine kuliko kwenye kanda. Kamera zenye uwezo wa kuzicheza hazitengenezwi tena, mikanda ya mpira ndani yake inalegea, na laptopu za leo hazina tundu la FireWire. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye XP na tundu hilo, ile inayokula vumbi nyuma ya duka, usiiuze kama chuma chakavu. Anza na kanda ambazo hazina jina, maana zile zenye majina huenda tayari kuna nakala yake kwa mteja. Icheze yote bila kukata, mwanzo hadi mwisho, hata kama pengo tupu ni la dakika tatu. Mara nyingi baada ya pengo kuna kilichobaki cha tukio la kwanza, kile ambacho harusi ya pili haikukifikia.